Karata Mbili za Clarrie Trevorrow

Tulipomaliza kumzika Clarrie Trevorrow tulirudi klabuni kunywa chai, na chai haijapoa watu wameshaanza uongo. Alikuwa mtu wa watu, wanasema. Mcheshi, roho yake nyeupe, hatutapata mwingine. Nilikaa pembeni na sandwichi yangu ya yai nikijiuliza wanamzungumzia nani. Mimi nimemgawia Clarrie karata za poka kila Jumatano mchana kwa miaka ishirini na mbili, na huyo mtu wa watu sikuwahi kumwona.

Clarrie niliyemjua mimi alikuwa na mdomo mchafu na vidole vichafu zaidi. Alichomelea vyuma bandarini hapa Whyalla mpaka walipofunga kiwanda cha meli, na tangu hapo kazi yake ikawa kuudhi watu. Alikuja na pai ya nyama na viazi kwenye mfuko wa karatasi, akaila mezani, kisha akashika karata zangu kwa mafuta yaleyale. Mtu akifikiria la kufanya, Clarrie anaanza kukoroma kwa makusudi. Akiwa na karata za ushindi hazionyeshi upesi. Anakuacha ufurahi kwanza, unyooshe mkono, ndipo anafungua moja, anajikuna sikio, anafungua ya pili. Mwanamke mmoja wa Kiskoti alimmwagia limonadi kwa ajili ya mchezo huo, na mimi nilichelewa kwa makusudi kuleta kitambaa.

Mimi alikuwa akiniita Athens. Nimezaliwa Kalamata, mji mwingine kabisa, nikamwambia mara mia.

"Athens, gawa basi, au unangoja tuzikwe?"

"Kalamata."

"Si kulekule tu."

Halafu kuna lile alilonifanyia. Mwaka wangu wa kumi na moja pale mezani, siku ya fainali, karata moja iliniponyoka ikageuka nikigawa. Karata moja, vidole vilikuwa na baridi. Wengine wote wangenyamaza. Clarrie akasimama kabisa. "Karata imeona jua," akasema, sauti ya kuitia watu mtaa wa pili. "Sheria ni sheria. Mgawa karata anayeonyesha karata kwenye fainali hafai kugawa fainali." Kamati ikakaa, ikaninyima fainali ya mwaka uliofuata. Nilishinda jikoni napaka siagi mikate huku mtu mwingine anagawa kwenye meza yangu. Sikumsamehe. Niseme wazi, mpaka leo sijamsamehe, na ameshafukiwa udongo.

Wala mchezo wetu si wa pesa. Mshindi wa siku anakwenda nyumbani na sinia la nyama kutoka buchani, na mshindi wa mwaka anachongewa jina kwenye ngao ya mbao iliyo juu ya friji ya bia. Mtu wa nje atacheka kusikia watu wazima wanachukiana kwa ajili ya ngao hiyo. Aje akae Jumatano moja aone.

Basi Clarrie alianza kupofuka. Nilijua kabla ya wote kwa sababu yeye hukaa kiti namba moja, kando yangu kabisa, mkono wa kushoto. Beryl, mkewe, alikuwa ameshafariki. Binti yuko Perth, simu Krismasi. Majirani wa pande zote mbili alishagombana nao. Siku sita za wiki mtu yule alikuwa hasemi na kiumbe, na Jumatano anafika saa nzima kabla ya mchezo, nywele zimechanwa kwa maji. Nikamwona anainua karata zake mpaka puani. Mchezaji wa poka hainui karata. Anazikunja pembe kidogo mezani na kuchungulia. Yeye akaanza kuzinusa kama samaki wa sokoni, na mimi niliye ubavuni nikawa naziona zote.

Sheria yetu inasema mgawa karata akiona karata ya mtu amwambie azifiche. Sikumwambia. Nilichofanya ni kuanza kutaja kwa sauti zile karata tano za wazi za katikati, ambazo kila mtu anaziunganisha na mbili zake za siri. Saba ya pau. Ree ya uru. Sikuwa nazitaja zamani.

"Voula siku hizi mtangazaji wa redio," alisema Neville Haddrick.

"Masikio yako yanakuuma?" nikamuuliza.

Neville ni mwenyekiti wa kamati. Alikuwa muuza mazulia, ana kalamu mbili mfukoni mwa shati na sijawahi kumwona akiandika. Si mjinga lakini. Siku moja Clarrie alifungua karata akidai ana malkia wawili, kumbe mmoja ni jeki. Watu wakacheka, wakadhani ni vituko vyake. Neville hakucheka. Wiki iliyofuata kukabandikwa karatasi ukutani: mchezaji asiyeweza kusoma karata zake mwenyewe ataondolewa kwenye orodha, ili mchezo usicheleweshwe.

"Mwenye macho haambiwi tazama," Neville akasema, akimwangalia Clarrie.

"Neville," Clarrie akamjibu, "mke wangu aliona zulia ulilotuuzia, akafa." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa karibu, nikaona mikono yake imeshika ukingo wa meza.

Nikajua kinachokuja. Akikosea tena mbele za watu, kiti kimekwenda, na kikienda kiti hana siku nyingine duniani.

Fainali ilikuwa Desemba ya mwaka juzi, joto la kuyeyusha lami. Walibaki wawili, Clarrie na Neville. Ukuta mzima watu wamesimama nyuma ya Neville, maana ndiko kwenye feni. Nikagawa. Clarrie akanyanyua zake mpaka puani, nami nikaziona: ya kumi na ya nne, zote kopa. Nikafungua za katikati, nikataja. Mfalme wa kopa. Nane ya kopa. Mbili ya kopa. Tisa ya shupaza. Tano ya pau.

Kwa asiyecheza nitasema hivi: kopa tatu mezani na kopa mbili mkononi ni tano za aina moja, na Neville hakuwa na cha kuzishinda. Alikuwa na mfalme mwingine tu, wakawa wafalme wawili. Mchezo ulikuwa wa Clarrie, na ngao.

Lakini mimi namjua. Clarrie akiwa na karata nzuri huchelewa, anakuna sikio. Akiwa hana kitu hufanya haraka. Na siku ile alisukuma vibao vyake vyote vya dau katikati haraka haraka, akasema, "Zote. Nina kopa, Neville, kalale." Ndipo nikaelewa. Alidhani ana uru. Kopa na uru zote nyekundu, na nyekundu ni nyekundu kwa macho yale. Alikuwa anadanganya kwamba ana kopa, naye anazo.

Neville akamtazama usoni muda mrefu. "Huna," akasema. "Nakufuata." Akafungua mfalme wake.

Clarrie akacheka kidogo. "Umenikamata, bwana." Akazirusha karata zake kwangu, kama alivyozirusha siku zote, kwa dharau. Kila mara huwa zinaanguka kifudifudi. Siku hiyo zilianguka wazi. Zote mbili, mbele yangu, chini ya kiganja changu cha kushoto nilichokuwa nimenyoosha kuzipokea. Kumi ya kopa, nne ya kopa.

Sheria hiyo hata mtoto wa meza yetu anaijua: karata zikiwa wazi zinajisemea zenyewe. Mwenyewe aseme ameshindwa, alie, aondoke, haidhuru. Mgawa karata anasoma kilichopo na kutamka mshindi. Ningeondoa mkono, Clarrie angechongwa jina kwenye ngao na kufutwa kwenye orodha kwa dakika hiyohiyo, mbele ya watu sitini, kipofu aliyetupa ushindi wake mwenyewe.

Nilisita. Sijui sekunde ngapi. Kisha nikazikokota chini ya kiganja nikazitia kwenye rundo la karata zilizotupwa, ambalo sisi tunaliita kaburi, na karata ikigusa kaburi imekufa. "Neville mshindi," nikasema. Watu wakapiga makofi.

Jumatano ya kwanza ya msimu mpya Clarrie alinikuta nje kwenye benchi la wavuta sigara, kabla ya mchezo. Hakukaa.

"Zilikuwa nini?"

"Nini zilikuwa nini?"

"Usinifanye mtoto, Athens. Miaka yote hiyo unazizika karata zangu kama unafukuza nzi. Siku ya fainali ulisita. Zilikuwa nini?"

Nilitaka kusema uongo, na nimesema uongo mkubwa kuliko huo kwa watu wema kuliko yeye. Ukanikataa. "Kumi na nne."

"Najua ni kumi na nne. Za nini?"

"Kopa."

Akageuza uso upande wa kiwanda cha chuma. Upepo ulikuwa umeleta lile vumbi jekundu la madini na lilimwingia machoni, hakupepesa hata.

"Kwa hiyo nilimshinda."

"Ulimshinda."

"Na zilianguka wazi, au?"

"Wazi."

"Ukazizika."

"Clarrie, ungepoteza kiti."

"Kiti ni changu au cha mama yako?"

Hasira ilinipanda, nitakuambia ukweli, hasira ya mtu aliyetenda jema akatukanwa. Nikamwambia yeye ni mzee mshenzi asiye na shukrani, kwamba nimemtajia karata miezi minane nachekwa, kwamba ningemwacha aumbuke ningekuwa nimelipa kisasi changu cha fainali na mtu asingenilaumu.

"Bora ungelipa," akasema. "Ile ya kwako mimi nilisema mbele yako, kwa mdomo wangu. Wewe umeniibia gizani, huku nimekaa hapohapo."

Akaingia ndani, mkono ukigusa ukuta. Nikadhani anakwenda kunishtaki, na haki ya Mungu nilikuwa tayari. Mgawa karata anayezika karata za wazi haruhusiwi tena kugusa pakiti. Lakini alikwenda moja kwa moja kwa Neville, pale kwenye meza ya orodha.

"Haddrick, nifute."

"Nikufute kwa nini?"

"Sioni. Tangu mwaka jana sioni. Kopa na uru kwangu ni bibi mmoja. Nifute, na kalamu unazo mbili."

Neville, nimpe haki yake, akawa mwekundu, akasema labda kamati inaweza kufikiria upya. Clarrie akamwambia sheria ni sheria. Akachukua mto wake wa kukalia kutoka kiti namba moja, akaubana kwapani. Alipopita kwangu alisimama.

"Lako sijalisema," akanong'ona. "Usidhani nimekusamehe."

Watu husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Moyo wa Clarrie haukufa, ulibaki na sumu yake yote mpaka mwisho. Nilikwenda kwake mara tatu na supu ya kuku na ndimu. Mara zote tatu alifungua mlango, akanyoosha mikono kupokea sufuria, akasema, "Asante, mwizi," akafunga. Mara ya nne hakufungua. Alikuwa ameshapelekwa hospitali, na hakurudi.

Basi tuko kwenye chai ya mazishi. Neville amesimama chini ya ngao, bia mkononi, anawasimulia jamaa wa Perth fainali ile. Binti wa Clarrie anasikiliza, ana pua ya baba yake. "Nilimtazama usoni," Neville anasema, "nikajua kabisa hana kitu. Nilimsoma kabla hajamaliza kusema. Masikini Clarrie, alikuwa hawezi kunidanganya mimi."

Ningeweza kumwacha. Kwa upande mmoja alikuwa anasema kweli: uso alikuwa ameusoma sawasawa. Lakini lile neno masikini lilinichoma.

"Alikuwa na kopa mbili," nikasema.

Neville akageuka. "Nani?"

"Clarrie. Kumi na nne, kopa zote. Alikushinda. Zilianguka wazi nikazifunika kwa mkono nikazizika."

Neville alinitazama kama alivyomtazama Clarrie siku ile, na nadhani alinisoma pia, maana hakuuliza kama ni kweli. Aliweka bia chini. Aliuliza, kwa upole kuliko nilivyotarajia, kama najua inabidi nirudishe funguo za sanduku la karata. Nilikuwa nimeshazitoa mkobani. Kuhusu ngao hakusema kitu nami sikuomba ibadilishwe. Clarrie mwenyewe angesema karata iliyoingia kaburini imekufa.

Ni yule binti aliyenifuata mpaka mlangoni.

"Ulimchukia kiasi hicho?" akaniuliza.

"Nilimchukia sana," nikamjibu. "Nilitaka tu aendelee kuja Jumatano."

"Akaendelea?"

"Alikuja mara moja."