Mnazi wa Asubuhi

Msichana mmoja ninayemfundisha gredi ya nne, katika shule iliyo nyuma ya Takaungu, leo anajua jedwali la kuzidisha kwa tatu, kesho limefutika lote. Hospitali ilikuwa imeshatueleza: pombe ilimfikia tumboni mwa mamake, ikamdhuru ubongo. Daktari akaongeza kuwa watoto kama yeye ni wengi kuliko tunavyodhani, ila hawapimwi.

Mkutano wa wazazi ukaitishwa ili aondolewe. Ati anawarudisha wenzake nyuma.

"Mamake mlevi," akasema mwenyekiti wa wazazi. "Mtoto ni mmoja. Kwa nini atuharibie darasa zima?"

Mama mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, leso ameiuma mdomoni. Damu ikanichemka.

"Mmoja? Nani aliyewahesabu?" Nikawageukia kina mama. "Mlipokuwa wajawazito, nani hapa hakuletewa mnazi wa asubuhi, tembo lile tamu, akaambiwa anywe apate maziwa?"

Wanaume wakaangua kicheko.

"Mwalimu, wewe Mwislamu wa Mambrui, usiyeonja tembo, mnazi unaujulia wapi?" akasema mwenyekiti. "Ule wa asubuhi si pombe. Hata bibi zetu walikunywa."

"Thubutu! Haujashuka mtini umeshaanza kuchacha. Mimi sinywi, lakini watoto wenu nashinda nao mimi. Na aliyepanda mnazi kugema si huyu mama. Mmegema wenyewe, mkamletea wenyewe, leo mlevi ni yeye peke yake? Hamna haya! Mtoto haondoki. Mkimtoa, na mimi natoka."

Hakuna mwanamke aliyeinua mkono kukiri kuwa naye aliletewa. Nilikasirika nusura nilie. Ndipo yule mama akasimama, akaitoa leso mdomoni.

"Nilipewa na mama mkwe. Aliniambia ni dawa, nikanywa. Sikujua, ningejuaje? Mwanangu kesho anakuja shule."

Akatoka bila kuaga. Mwenyekiti alisema suala litaangaliwa tena, watu wakatawanyika wakinung'unika.

Asubuhi yake msichana alikuja, nikamkalisha mbele, karibu na ubao. Sijamaliza kuita majina, hodi mlangoni. Walikuwa kina mama, kila mmoja kamshika mwanawe mkono. Aliyetangulia ni mke wa mwenyekiti. Hakunitazama usoni.

"Mwalimu," akasema, "na huyu wangu pia, nipelekee akapimwe."