Kitambaa cha Zambarau Mezani pa Ukoo

Kitu cha kwanza anachokiona mtu kwa Katunge Ndunda ni tepu ya kupimia nguo iliyomzunguka shingoni. Huenda nayo sokoni Masii, huenda nayo kuteka maji, na Jumapili moja alisimama nayo kwenye foleni ya komunyo mpaka padre akashindwa kuzuia tabasamu. Si kwamba husahau kuivua. Shingo yake imeizoea tu.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo za kuuzwa nje huko EPZ, Athi River. Suruali ikimfikia, yeye hakuitazama kwa nje. Aliigeuza ndani nje, kwa sababu uongo wa fundi hukaa upande wa ndani. Kiwandani walikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko mshahara: mkaguzi hakagui kazi ya ndugu yake. Binamu yake alipopangwa kushona katika laini yake ya mashine, Katunge alikwenda mwenyewe kwa msimamizi kuomba mmoja wao ahamishwe.

Alipostaafu alifungua duka la kushona sare za shule. Mzee mmoja kati ya watano wa nzama, lile baraza la ukoo wa marehemu mumewe, alipofariki, mwenyekiti Mzee Muindi alimpendekeza Katunge achukue nafasi yake. Wengine waliguna.

"Mwanamke?" aliuliza mmoja.

"Huyu amekataa suruali ngapi huko Athi River bila kumwogopa mzungu wala mhindi," alisema Muindi. "Wewe umewahi kukataa nini, zaidi ya kuoga?"

Wakacheka, na jambo likapita.

Kesi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya Ngina. Ngina aliolewa Kivaa, ndoa ikavunjika, akarudi na watoto wawili kwenye shamba la marehemu babake. Alijenga nyumba ya mabati pembeni, kwenye pembe aliyosema babake alimpa akiwa hai, akaanza kulima robo ekari. Baba yake mdogo, Ndolo, akasema binti aliyeolewa ameshapata kwao kwingine, atoke. Kila upande ulileta mbuzi, na wazee wakala nyama ya wote wawili, kama ilivyo desturi, ili asiwepo wa kushiba upande mmoja tu. Kisha wakapiga kura: wawili wakasema Ngina akae, wawili wakasema aondoke. Macho yote yakamgeukia Katunge.

Hapo ndipo Ndolo aliposimama na kunyoosha kidole, si kwa Katunge, bali kwa meza.

"Kabla mama huyu hajasema, naomba tuangalie kile kitambaa. Hiyo ni rangi gani?"

Kitambaa cha meza kilikuwa cha zambarau.

Ukweli ni kwamba wakati wa kampeni Katunge alishona aproni mia mbili za chama cha zambarau. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Vitambaa vilivyobaki hakutaka kuvitupa. Alipoingia barazani akaishonea navyo kitambaa meza ya nzama, iliyokuwa imekwaruzika vibaya. Kwa miezi mitano wazee waliweka vikombe vya chai juu yake na hakuna aliyesema neno. Lakini sasa zambarau haikuwa rangi tu. Wabunge wa chama hicho ndio waliopitisha sheria mpya inayokataza ukoo kumnyima binti aliyerudi nyumbani sehemu ya shamba la babake. Wapinzani wao walikwenda kortini. Mahakama Kuu iliitupa sheria hiyo, Mahakama ya Rufaa ikairudisha, na sasa majaji saba wa Mahakama ya Juu walikuwa wanasubiriwa kutoa neno la mwisho.

"Huyu si mzee wa ukoo," alisema Ndolo. "Huyu ni jaji wa chama!"

Katunge aliivuta tepu shingoni. Maana alikumbuka kwamba yeye kweli alikipigia kura chama cha zambarau.

Mzee Muindi akaahirisha kikao hadi Jumamosi. "Mahakama inatoa uamuzi Ijumaa. Ikiipitisha sheria, sisi hatuna la kusema, Ngina atakaa. Ikiitupa, basi tunarudi kwa kura ya tano. Mama yetu, Mwaitu Katunge, jiandae."

Kujiandaa vipi? Katunge alikwenda dukani kwake akiwa amechanganyikiwa kabisa. Jirani yake Lenny, muuza viatu, alikuwa amekwisha kuwahesabu majaji kwa vidole.

"Wanne ni wa zambarau, watatu ni wa wale wengine. Hesabu imeisha, Mwaitu."

"Umejuaje?"

"Angalia nani aliwateua."

"Lakini yule mrefu aliteuliwa na wale wengine, na mwaka jana aliamua upande wa zambarau."

"Huyo sasa wale wengine wamemnunua."

"Mwaka jana ulisema ni shujaa."

Lenny alikuna kichwa. "Mwaka jana alikuwa anasoma sheria. Mwaka huu ametupinga mara mbili, anatunga ya kwake. Jaji akianza kutunga sheria, Bunge tulichagua la nini?"

"Kwa hivyo akikubaliana na wewe anasoma, na akikukatalia anatunga?"

"Mwaitu, wewe sasa unanihoji kama korti."

Hakuwa anamhoji. Alitaka kujua kweli. Kama watu saba waliosoma sheria maisha yao yote hawawezi kutazamwa bila kuulizwa rangi, yeye wa cherehani ni nani? Na kama angesema Ngina akae, je, huo ungekuwa uamuzi wake au kura yake ya mwaka ule ikizungumza kwa mdomo wake? Na akisema aondoke ili tu aonekane hana chama, si hapo ndipo atakuwa amemdhulumu mtu kwa sababu ya chama? Ngina mwenyewe hakuwa na habari na siasa. Hata jina lake la mpiga kura bado lilikuwa limeandikishwa Kivaa.

Alhamisi asubuhi alifanya alichozoea: aliligeuza jambo ndani nje. Alichukua karatasi akaandika: *Ngina akae. Babake alimpa pembe ile akiwa hai, na majirani watatu walishuhudia.* Kisha akachukua karatasi ya pili. Safari hii alijilazimisha kumwona Ngina amevaa kofia ya wapinzani, na Ndolo ndiye aliyevaa aproni ya zambarau, moja ya zile alizozishona yeye mwenyewe. Akaandika tena. Maneno yalitoka yale yale.

Lakini mara ya pili mkono ulichelewa. Ulisimama juu ya karatasi kwa muda. Alishindwa kujua kama ule ulikuwa mkono wa mtu anayefikiri au wa mtu anayevutwa. Akaliandika hilo pia chini ya karatasi ya pili.

Akazikunja karatasi zote mbili, akazitia katika kijifuko cha kitambaa cha kaki cha sare za shule, akakishona pande zote kwa mishono miwili. Akampelekea Mzee Muindi.

"Kifungue Jumamosi mbele ya wote, mahakama iseme lolote itakalosema."

"Na kama wataamua kinyume chako?"

"Ndolo ataona niliandika kabla."

"Na wakiamua kama wewe?"

"Ataona niliandika kabla." Akakigusa kile kijifuko. "Mzee, ndani mna karatasi mbili. Ya pili iliniumiza kuandika, mkono ulisita. Hilo pia nimeliandika."

Muindi alikipima kijifuko kiganjani, akakitia mfuko wa ndani wa koti.

Ijumaa watu walijaa dukani kwa Lenny, mbele ya televisheni ndogo. Ndolo alisimama mlangoni. Ngina alikaa juu ya sanduku la viatu akiwa na kopo la mbegu za mbaazi mapajani. Mawingu ya mvua ya Novemba yalikuwa yameshafika juu ya Masii, na yeye hakuthubutu kuchimba hata shimo moja kabla ya kujua. Katunge alishika ncha mbili za tepu yake.

Jaji alianza kusoma kwa Kiingereza kizito.

"Anasema nini?" aliuliza Ngina.

"Anasema hawakukubaliana wote," Lenny alitafsiri. "Ni wanne kwa watatu."

"Nilisema!" Ndolo alifoka. "Chama!"

"Wanne gani?" aliuliza Katunge. "Wanne wamesema nini?"

"Bado hajafika hapo, Mwaitu. Ngoja."

Jaji alikunywa maji, akaweka glasi chini, akafungua ukurasa. Katunge aliiachia tepu; lolote litakalosomwa, neno lake lilikuwa limekwisha kushonwa ndani ya kijifuko cha kaki.