Orodha ya Mama Felisita

Kusahau kwa Mama Felisita wa Bugarama kulikuwa kipaji. Aliwahi kwenda gulioni na mkungu wa ndizi kichwani, akapiga soga kutwa nzima, kisha akarudi nao nyumbani. Kuuza alisahau. Na kwa kuwa alikuwa na roho nzuri kupita kiasi, alimwahidi kila mtu kila kitu. Jumuiya ya akina mama ikamchagua katibu, sijui kwa huruma au kwa utani.

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kukimbilia upande wetu, Ndizeye na mkewe Kaneza walipata chumba nyuma ya soko. Kaneza alikuwa mjamzito. Desturi ni moja pande zote mbili za mpaka: mwanamke akizaa, mama, mashangazi na majirani humjia na kuni, uji, sabuni na pombe ya ndizi, wakamshangilia. Upande huu Kaneza hakuwa na mama wala shangazi, na kila alipoifikiria siku hiyo alilia.

"Nitakuletea akina mama, mwanangu," Mama Felisita akamwambia. "Wewe zaa tu!"

Akishasema, akaogopa. Safari hii akisahau, binti wa watu atakaa na kichanga chake kama mtu asiye na kwao. Akamfuata Ndizeye, aliyekuwa fundi simu kule Kabanga, mji wa mpakani.

"Nitafutie kitu cha kunikumbusha, humu simuni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaona? Hata salamu yako sikuisubiri!"

Programu ya kwanza ilikuwa Kiingereza kitupu. Ya pili ilifunguka na tangazo la dawa ya kunenepesha makalio, Mama Felisita akafanya ishara ya msalaba. Ya tatu ilikuwa programu huria: haiuzwi, na yeyote ana ruhusa ya kuifungua ndani, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Ndizeye alikwisha kuitia Kiswahili. Unaandika kazi, ukiimaliza unaigusa, inafutika. Mama Felisita akaandika palepale: Kaneza akijifungua, peleka kuni, uji, sabuni, pombe.

Jumapili baada ya misa akawarushia akina mama wote. "Chukueni, ni huria!" Alidhani anagawa programu; kumbe alibonyeza pengine, na kilichowafikia kikawa ile orodha yake. Wenzake wakaisoma, wakaona katibu amepanga kazi. Nani aulize?

Kaneza akajifungua mtoto wa kike, na Ndizeye akatuma ujumbe kwa kila mtu. Mama Felisita alikuwa shambani akipalilia maharage. Simu aliisahau juu ya kabati, ikalikumbusha kabati.

Aliporudi jioni na kuusoma ujumbe, moyo ulimpasuka. Alitoka mbio hivyo hivyo na matope yake. Kabla hajafika sokoni akasikia vigelegele. Uani kwa Kaneza kuni zilifika kimo cha dirisha, na masufuria ya uji hayakuwa na pa kuwekwa.

"Katibu!" akapaza sauti Joyceline, jirani yake mwenye ulimi. "Sisi tumeleta ulivyoagiza. Wewe umeleta nini?"

Wote wakamtazama mikononi. Alikuwa na jembe. Uani wakavunjika mbavu kwa kicheko, na Mama Felisita akatamani ardhi immeze.

Kaneza akainuka polepole, akalichukua lile jembe, akaliegemeza ukutani, akarudi kuketi, akampakata mtoto.

"Mpeni kiti," akasema. "Ninyi mmeleta kuni. Yeye kaniletea ninyi."