Mtu wa Matambara

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, ibada imekwisha, wanaume wa kijiji cha mjomba wangu wamekaa kwenye nyasi nje ya kigango, kanisa dogo la pale, na hakuna aliyetaka kuinuka. Mtu alikuwa anakufa nyumba chache kutoka pale. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alikaa.

Nikueleze vizuri, mwanangu, maana wewe umezaliwa pikipiki zimeshafika. Kijiji kilikuwa milimani, wilaya ya Ngara, na gari halikupanda huko. Mgonjwa alibebwa kwa machela, ile tunayoiita ingobyi kwa Kihangaza: kitanda cha fito na matete kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne wanaiweka mabegani, wengine wanafuata ili wapokezane. Kila nyumba ilitoa mwanamume. Asiyetokea alitoa mtungi wa pombe ya ndizi. Aliyezidi kutotokea alifutwa kwenye orodha ya kubebwa, yeye na nyumba yake.

Mgonjwa alikuwa Gwasa. Huyu alikuwa na kahawa nzuri kuliko mtu yeyote upande ule, na alijua hivyo. Pembe ikilia watu waje kubeba, yeye alibaki shambani kwake akipogoa. Alipoulizwa, alijibu, "Mimi nikiugua, kahawa yangu itanibeba." Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Gwasa aliona hayo ni maneno ya wasio na kahawa. Basi wakamfuta.

Sasa ngiri yake ilikuwa imekaza tangu alfajiri. Alikuwa anatapika, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Mkewe alikuja pale kigangoni akapiga magoti mbele ya Mzee Kabura, mwenyekiti wa machela, akaomba mumewe apelekwe hospitali ya misheni, ng'ambo ya mabonde mawili. Mzee Kabura alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba utaratibu anaujua: aliyefutwa hurudishwa kwa mbuzi na pombe, watu wakae, wanywe, wakubaliane, ndipo abebwe. Nyuma yake mtu mmoja akasema, "Aiite kahawa yake imbebe." Watu wakacheka, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Usimdhanie Mzee Kabura kuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba wagonjwa tangu kabla sijazaliwa, na bega lake la kulia lilikuwa na nundu kama ya fahali. Aliogopa kwamba akimsamehe mmoja leo, kesho hakuna atakayetoka pembe ikilia. Hofu hiyo ilikuwa na maana.

Mimi nilikuwa kijana wa kupitapita. Shule niliiacha darasa la nne, si kwa kukosa ada bali kwa sababu miguu yangu haikupenda benchi. Nilikuwa nimechunga ng'ombe Nyakahura, nimepakua magunia Nyakanazi, na pale kwa mjomba nilikuwa nimefika msimu ule kuvuna. Mtembezi hula miguu yake, wanasema, na mimi yangu nimeila karibu yote.

Basi Bibi Anastazia akasimama. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Nyumba yake haikuwa na bega la kutoa, na alibaki kwenye orodha kwa huruma tu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesuka na kurekebisha machela. Katika kikao kile mwanamke aliweza kuja kuomba, lakini si kutoa neno. Kama Mzee Kabura angekasirika, angeweza kumfuta kabla jua halijazama, na umri wake ulikuwa wa kubebwa wakati wowote. Alienda mbele, akapiga magoti karibu na mke wa Gwasa, akasalimu kama inavyostahili.

Akasema, "Mzee, sheria yenu ni nzuri. Hata mimi inanilinda. Lakini leo tumekosea, tumeigeuza kaburi."

Mzee Kabura akamwuliza nyumba yake inatoa mwanamume gani, mpaka yeye aseme pale.

"Haitoi," akajibu. "Ukitaka kunifuta, nifute kesho. Leo mtoeni Gwasa humo kaburini."

Hakupaza sauti, wala hakumtukana mtu. Mzee Kabura akatema tumbaku yake, akasema machela iletwe. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuvua koti.

Mimi nilikuwa wa kwanza kukimbia. Ghafla niliona nafasi ya kuwa mtu. Nikashika mti wa mbele, tukampakia Gwasa, tukateremka mlima mbio, na mimi nikiwahimiza wenzangu kama nahodha wa timu. Machela ilikuwa inayumba. Kila tulipokanyaga jiwe, Gwasa alijikunja katikati na fito zikamchoma ubavuni. Katikati ya mteremko akashika mti wa machela kwa mikono miwili, akajaribu kujirusha chini. Alituomba tumwache afie pale pale kwenye majani.

Tukamtua. Mmoja wetu akasema, mnaona sasa, mwenyewe amekataa. Wengine walikuwa tayari wameketi na kutoa tumbaku. Nami nilimkasirikia Gwasa, mwanangu. Nilikuja kumwokoa, na yeye alikuwa ananiharibia.

Ndipo tukamwona Bibi Anastazia akiteremka polepole, na mzigo kichwani. Alikuwa amepitia nyumbani kwake. Akaufungua, na ndani kulikuwa na kanga zilizochakaa, gunia la zamani, na blanketi lililoliwa na panya.

"Bibi," nikamwambia, "mtu anakufa, wewe unatuletea matambara?"

Alipiga magoti kando ya Gwasa, akamwuliza panauma wapi. Tulikuwa wanaume wengi pale, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. Gwasa akamwonyesha. Bibi akakunja gunia akaliweka chini ya magoti ili yainuke na tumbo lilegee. Blanketi akalipitisha chini ya kiuno, na kanga akazijaza kati ya mbavu na fito. Gwasa akaachia mti.

Ndipo aliponigeukia. "Mjukuu wangu, ulikuwa hujambeba mtu. Ulikuwa umebeba sifa zako. Sasa nenda nyuma."

Nikaenda nyuma. Njia ikipanda, mtu wa nyuma ndiye anayebeba uzito wote, na haonekani na yeyote. Tulifika misheni jua likiwa bado lipo. Gwasa alipasuliwa, akapona.

Wakati wa kurudi nilitembea na Bibi Anastazia. Udadisi ni ugonjwa wangu, kwa hiyo nilimwuliza ujanja ule alijifunza kwa nani. Akasema, kwa Ebedmeleki. Nikadhani ni mganga wa upande wa Burundi. Akacheka mpaka akashika mti asianguke. Akaniambia huyo mtu yuko katika kitabu cha Yeremia, naye alisomewa habari zake na katekista, maana kusoma hakujua.

Niliazima Biblia kwa katekista, na kwa elimu yangu ya darasa la nne nikasoma neno kwa neno mpaka nikampata. Ebedmeleki alikuwa Mkushi, mgeni, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Wakuu walikuwa wamemtupa nabii Yeremia katika shimo lenye tope, afe humo kwa njaa. Mfalme mwenyewe aliwaogopa wakuu hao. Huyu mtumishi akamwendea mfalme langoni, mbele za watu, akasema watu hawa wametenda vibaya. Huo ni ujasiri, na wengi wakisimulia huishia hapo.

Lakini soma mbele kidogo. Mfalme alimpa watu thelathini. Mimi ningepewa thelathini na amri ya mfalme, ningekimbia shimoni huku nikipiga kelele watu wote wanione. Yeye alipitia kwanza kwenye chumba chini ya hazina, akaokota nguo kuukuu na matambara. Akamteremshia Yeremia kwa kamba, akamwambia, ziweke makwapani, chini ya kamba. Alijua kamba inayookoa nayo hukata. Baadaye Mungu alimwahidi kwamba atasalimika. Sikuona mahali alipopewa cheo.

Tangu hapo nimezunguka nikiwatafuta watu wa namna hiyo katika Biblia, wale wa mistari michache. Nilimpata Onesiforo, aliyemtafuta Paulo Roma bila kuionea haya minyororo yake. Miaka mingi baadaye, mwenzangu wa kubeba mizigo Nyakanazi aliwekwa mahabusu, na wote tukajifanya hatumfahamu. Nilimkumbuka Onesiforo, nikampelekea chai na maandazi. Sikuwa shujaa. Nilipita mlangoni mara mbili ndipo nikaingia, na chai imeshapoa.

Na Gwasa? Hakugeuka malaika. Aligombana na majirani juu ya mipaka mpaka uzeeni. Lakini pembe ikilia alitoka, na hakuna aliyemsikia tena akiitaja kahawa.

Siku hizi mmeacha machela, mna makundi ya misiba kwenye simu. Asiyechanga anaondolewa kwa kidole gumba, na watu wanaweka vikatuni vya kucheka. Sheria zenu ni nzuri, sizikatazi. Nasema hivi tu: ikifika siku sheria nzuri inaua mtu, wewe simama useme, hata kama huna bega la kutoa. Sema kwa heshima, maana mzee aliyetukanwa hawezi kugeuka tena. Ukishasema na ukasikilizwa, usikimbilie mbele. Mwulize mwenye shida panauma wapi, halafu shika mahali palipo pazito hata kama hapaonekani. Ujasiri usio na unyenyekevu humtoa mtu shimoni akiwa na mikono iliyokatika.

Mwanangu, Mungu akupe mdomo siku wengine wanapocheka, na magoti siku wengine wanapokimbia. Na siku ambayo wewe ndiye umelala kwenye machela, maana hiyo haimkosi mtu, akutumie mmoja atakayeteremka polepole nyuma yako.