Kathambi Alipoosha Kahawa ya Nariño

Kathambi hakuweza kulala. Alikaa kitandani na khanga mabegani, akitega sikio kwenye geti la ile nyumba ya mtaa wa Bellevue iliyokatwakatwa vyumba. Alimngoja Clémentine, mwanamke wa Bukavu aliyepanga ng'ambo ya korido. Mabosi walimwita tangu saa tisa alasiri, na sasa ilikuwa saa nne usiku.

"Mama, mbona hulali?" bintiye Lynette aliuliza kwa Kizulu, lugha ya mji huu wa ugenini, kama kawaida yake.

"Ni baridi tu."

Haikuwa baridi. Kosa lililomponza Clémentine lilikuwa la Kathambi.

Wote wawili walifanya kazi mtaa wa Doornfontein, penye karakana ya kukaanga kahawa. Clémentine alishika ufunguo wa stoo ya sampuli. Kathambi alipiga deki. Alhamisi alikuta stoo iko wazi, na mezani mfuko wa kilo moja wa kahawa mbichi kutoka milima ya Nariño, kusini mwa Kolombia. Punje zilikuwa za manjano-manjano, zikinuka kama mapera yaliyoiva kupita kiasi.

Kathambi alikulia Meru katikati ya mashamba ya kahawa. Shule aliiacha darasa la sita, lakini kuchuma na kuchambua alikujua. Kwao kahawa inayonuka hivyo ni mbuni, iliyokaukia ndani ya ganda lake, na bei yake ni ya kutupa. Aliwahi kuona mama yake akirudishwa na gunia zima mbele ya watu. Akamwonea huruma mkulima yule wa mbali. Akamwaga punje kwenye ndoo, akazisugua kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, akazianika kando ya mashine ya moto, kisha akazirudisha mfukoni. Jioni ile alikwenda nyumbani akijiona ametenda wema.

Ijumaa asubuhi Mwaniki, mwonjaji mkuu, alikuta punje zimefura na kupauka.

"Ufunguo anao nani?"

Macho yote yakamgeukia Clémentine. Kathambi alikuwa pale pale na ndoo yake, akainama akaendelea kupiga deki.

Sasa geti likalia. Akatoka koridoni.

"Mama Lynette, hujalala?" Clémentine alisema. "Wamenipokonya ufunguo. Eti niliuza ile ya kweli nikaweka takataka. Mimi, mwizi!"

"Pole, dada."

"Aksanti. Ni wewe peke yako umeningoja."

Afadhali angempiga kofi.

Jumamosi Kathambi alifika kazini kabla ya wote, akamweleza Mwaniki kila kitu, macho yameinama sakafuni.

"Uliosha?" Mwaniki alishika kichwa. "Uliosha, Mama Lynette?"

"Ilinuka."

"Harufu hiyo ndiyo tuliyoingoja miezi miwili! Wakulima wa kule wanaianika kahawa na ganda lake makusudi, mlimani kwenye baridi, wiki tatu, wakiigeuza kwa mikono. Utamu wa tunda unabaki kwenye punje."

Mwaniki alikuwa ameweka kando konzi moja ya punje siku mfuko ulipofika. Akaikaanga, akaisaga, akaimwagia maji ya moto, akampa kijiko.

"Fyonza kwa kelele. Kama mtoto asiye na adabu."

Kathambi alifyonza. Kwanza lilikuja pera, kisha sukari guru, na mwisho uchachu mdogo kama wa ukwaju. Ilikuwa tamu. Alitamani iwe mbaya, apate pa kujitetea. Akaifikiria mikono ya yule mkulima, akaweka kijiko chini.

Mwaniki akampigia simu Clémentine, akaiweka kwenye spika. "Jumatatu uje kazini. Hukuiba kitu, tumekukosea."

"Ni nani, basi?"

Mwaniki akamsogezea Kathambi simu.

"Ni mimi, dada," Kathambi alisema.

Simu ikakatika. "Wewe barua ya onyo utaipata," Mwaniki alisema taratibu. "Nenda nyumbani kwanza."

Koridoni, redio ya Clémentine ilikuwa ikipiga nyimbo za kanisani. Kathambi akagonga.

"Hodi, dada."

Redio ikazimwa. Hatua zikaja hadi mlangoni, zikasimama.

"Jana usiku, uliponipokea," sauti ikauliza, "ulikuwa unajua?"

Kathambi aliweka kiganja kwenye ubao. Angeweza kusema hapana.

"Nilikuwa najua."

Akasikia pumzi ikishuka upande wa pili, kisha hatua zikirudi nyuma, kitanda kikalia. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mlango haukufunguliwa.