Nilirekebisha formula ya rolling total, duka la Awasi likafungwa

Wakuu, hamjambo. Hii ni ya kweli kabisa, na sijaisimulia popote kwa sababu mtu wa kuhadithia sina.

Natengeneza ripoti za mauzo za kampuni moja ya chakula cha kuku na ng'ombe hapa Kisumu. Kazi naifanyia kwa bedsitter yangu, chumba kimoja tu mtaani Migosi. Ni mimi, laptop, na jirani anayefua nguo akisikiliza redio. Bosi yuko mtaa wa Milimani, tunaandikiana email tu.

Aliyekuwa akinipigia simu ni Mama Beryl, msimamizi wa duka letu la Awasi. Kila Jumatatu asubuhi: "Baba, grafu yangu iko aje?"

Nikimwambia iko sawa, anauliza, "Na umekula?"

Kuna wiki hiyo ndiyo sauti pekee iliyoongea na mimi.

Hiyo grafu ni rolling total. Kila siku unajumlisha mauzo ya siku thelathini za mwisho: ya leo yanaingia, ya zamani kabisa yanatoka.

Mwaka huu bosi akasema duka litakaloshika mkia litafungwa. Nikaona nikague formula kwanza, maana niliirithi kwa jamaa aliyeacha kazi.

Kumbe haikuhesabu siku. Ilihesabu mistari thelathini ya mwisho kwa table, na siku duka halijauza, hakuna mstari.

Maduka mengine hufungua kila siku, kwa hivyo hayakuguswa. Lakini Mama Beryl ni Msabato, Jumamosi hafungui. Formula ilikuwa ikiruka Jumamosi zake na kurudi nyuma zaidi kuokota siku zingine, jumla yake ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Nikiirekebisha, Awasi inashuka mpaka chini kabisa.

Niliogopa, wakuu, na si kwa ajili yake tu.

Jumatatu alipopiga nikamweleza yote.

"Sasa wewe unaogopa nini? Tuma ile ya ukweli. Sabato mimi siwezi kuacha."

Halafu akauliza kama nimekula.

Nikatuma. Awasi ikafungwa.

Sasa, rolling total haianguki siku duka linafungwa. Inateremka polepole, kila siku mauzo ya zamani yakitoka na hakuna kinachoingia. Nilikuwa naiangalia kila asubuhi kabla ya chai. Juzi ikafika sifuri. Bosi ameniandikia niitoe Awasi kwa ripoti. Bado sijaitoa.

Funzo la kazi ni hili: weka table ya kalenda yenye kila tarehe, hata zile hamkuuza, ndio ujumlishe kwa siku, si kwa mistari. Anayetaka formula aseme, nitaiweka hapa.

Kuna shida nyingine, hiyo naomba mnisaidie nyinyi. Namba ya Mama Beryl ninayo. Jumatatu simu inakaa mezani kimya na mimi naitazama. Tulizoea kuanza na grafu, na sasa hana grafu.

Nikimpigia, naanzia wapi?