Danieli na Ufa wa Bwawa

Danieli wa Magamba amezeekea kwenye kabichi. Goti lake la kushoto halikunjiki vizuri tangu vita vya Kagera, na akienda sokoni Soni hupumzika mara tatu njiani. Watu wakimuuliza ilikuwaje Amini akapigwa, naye alikuwa na vifaru na ndege, hajisifu hata kidogo. Humtaja sajini mmoja wa redio wa jeshi la Amini, waliyemkamata kule Uganda, Danieli akawekwa kumlinda.

"Kila asubuhi niliwapelekea wakubwa wangu habari njema," sajini alimwambia wakila ugali pamoja. "Nilisema mmekimbia. Kumbe nawaona kwa macho yangu mnatuzunguka."

"Sasa mbona hukusema kweli?"

"Mwenzangu aliisema. Hakuonekana tena."

Basi, masika ya mwaka huu yalipozidi, ukuta wa bwawa la kumwagilia ukaingia ufa wa kupitisha mkono. Chini yake kuna nyumba sita, na ya kwanza ni ya Esteria, binti yake Danieli. Kila mtu aliuona ufa ule. Lakini Mansuri, mwenyekiti wa bwawa, ndiye aliyesimamia ujenzi, na kiangazi ndiye anayegawa zamu za maji kwa filimbi yake. Ukitaja ufa, zamu yako inarukwa. Watu wakawa wanasema bwawa zima, bwawa zuri.

Siku ya mkutano, pale pale juu ya bwawa, Mansuri akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Danieli akainuka polepole.

"Shikamoo mzee. Kaa tu, usilichoshe goti."

"Marahaba. Goti limekaa vya kutosha. Ukuta umepasuka, mwanangu. Fungua maji yatoke."

"Nani mwingine kauona?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Basi ni macho ya uzee hayo. Na zamu yako kiangazi hiki, sahau."

"Mpe mbuzi wako. Kabichi nitapanda tena. Esteria nitampanda wapi?"

Akabeba jembe, akalishukia lango la bwawa.

"Mzee, nitakuitia polisi!"

"Nimefukuzwa na vifaru, mimi. Wewe una filimbi tu."

Akaanza kuzing'oa mbao za lango. Ya kwanza ikagoma. Ndipo jirani yake, mama Efrazia, akapaza sauti: "Na mimi niliuona! Tangu Pasaka!" Akakunja kanga, akashuka. Wakamfuata wawili, kisha watano, mbao zikang'oka, maji yakabubujika.

Mansuri akapiga filimbi. Akapiga tena. Maji yakaendelea kutoka.